Mkate wa Babu Hauguswi

2 Desemba

Daktari ameniambia niandike. Kila siku: mtoto amekula nini, amekunywa nini, amepata choo au hakupata. Nikamwuliza, "Hata choo, daktari?" Akasema, "Hasa choo, mama." Kwa hiyo hili daftari nililonunua kwa ajili ya vipimo vya wateja wangu wa cherehani, kuanzia leo ni daftari la choo cha Brayan. Tabita, fundi wa sare za shule mtaa wote wa Sogea, umefika mbali.

Brayan ni mwanangu wa pili, ana miaka minne. Tangu Septemba choo kwake ni vita. Anakaa siku nne, siku tano, na siku akienda analia mpaka majirani wanauliza nani anachapwa. Wiki iliyopita niliona damu. Leo mizani imesema kilo kumi na tatu na pointi moja, na mwezi wa nane alikuwa na kumi na nne.

Daktari akaniuliza anakula nini. Nikasema mkate. Na nini kingine? Nikasema mkate na chai. Ndio ukweli wenyewe. Ugali anautema, maharage anayachambua punje kwa punje kisha hali hata moja, mboga za majani akiziona tu anafunga mdomo. Anachokula ni mkate mweupe wa slesi, ule laini ambao baba yake anauleta kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Asubuhi, mchana na jioni.

"Basi tuanzie hapo hapo kwenye mkate," daktari akasema. "Mpe wa ngano isiyokobolewa. Na maji mengi. Hii dawa ya kulainisha choo ni ya wiki tatu tu. Mwisho wa Machi nimwone. Kama damu bado ipo na uzito unashuka, nitamwandikia rufaa aende Mbeya wakamwangalie ndani."

Wakamwangalie ndani. Nimerudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo njia nzima.

3 Desemba

Kumbe mkate wa brauni upo humu humu ndani. Upo kwa baba mkwe.

Mzee Nikodemo ana sukari. Alihamia kwetu mwaka jana kutoka kijijini Ihanda baada ya kuzidiwa akiwa shambani, kahawa yake akamwachia mdogo wake. Mkate wake anauweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na karatasi za chama cha ushirika, na sanduku lina kufuli. Nimemwomba slesi mbili. Amenipa moja.

Nikaipaka siagi, nikamwekea Brayan. Akaitazama, akaficha mikono nyuma ya mgongo. Dada yake Angel, ambaye ana miaka sita na ndiye askari wa nyumba hii, akadakia: "Mama! Hiyo ni dawa ya babu. Ulisema mtoto akila dawa ya babu ataumwa."

Na kweli nilisema, kwa mdomo wangu huu. Mzee alipohamia, watoto walikuwa wanamzunguka kila asubuhi wakiomba mkate. Akanuna, akamlalamikia mwanawe kwamba mkewe hajui kufundisha watoto. Nikawakalisha nikawaambia: mkate wa babu hauguswi, ni dawa, mtoto akiula anapata ugonjwa wa babu. Toka siku hiyo hawakuomba tena. Nilijiona nina akili sana.

4 Desemba

Mkate mweupe, chai. Choo: hakuna.

5 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Mkate mweupe, chai, nusu ndizi. Choo: hakuna.

6 Desemba

Choo: kidogo, kwa nguvu ya dawa. Amelia.

9 Desemba

Nimenunua mkate wangu wa brauni dukani, nikautia kwenye mfuko wa mkate mweupe. Nikakata slesi kwa mdomo wa glasi zikawa duara, nikapaka siagi ya karanga pande zote mbili ili rangi isionekane. Brayan akaanza kunyoosha mkono. Angel akakwangua siagi kwa kidole, akatangaza kwa sauti ya mchungaji: "Ni wa babu."

Huyu mtoto akikua atafaa kukaa pale mpakani akague mizigo.

Choo: hakuna.

13 Desemba

Slesi moja nyeupe, moja ya brauni, zimefunikana. Ameifunua, amekula nyeupe. Choo: hakuna, siku ya tatu.

15 Desemba

Mume wangu Eliudi amerudi kutoka Ndola na lori. Amekaa foleni ya mpakani siku mbili, na bado alipata nafasi ya kupita Nakonde kununua mikate minne myeupe. Watoto wakamrukia. Nikamwita jikoni.

"Baba Angel, daktari amesema nini?"

"Nimesikia. Lakini mtoto mwenyewe hataki, utamfanyaje? Mimi nimekulia ugali na chumvi. Mwanangu leo anapata mkate mzuri, nimnyime?"

"Mkate mzuri unamtoa damu."

Akatazama mvua nje. Ni mume mwema Eliudi, lakini mapenzi yake yote huwa yamo kwenye mfuko wa nailoni.

22 Desemba

Dawa imeisha leo. Mkate mweupe, chai. Choo: hakuna.

25 Desemba

Kanisani tumeimba mpaka sauti zimekauka. Mchana kulikuwa na wali, nyama na kabichi. Brayan: mkate mweupe.

Baada ya chakula nikaenda chumbani kwa mzee kuchukua kikombe. Nikamkuta amekaa kitandani, shati la sikukuu limejaa makombo, mkononi ana slesi ya mkate mweupe wa watoto. Nyingine ilikuwa mdomoni.

"Baba!"

Akameza kwanza. "Mama Angel, huu wangu nimeuchoka. Una ladha ya karatasi."

Nilitaka kukasirika. Mwaka mzima nimewatisha watoto kwa ajili ya mkate wake, kumbe yeye mwenyewe anaiba wao. Lakini alivyoficha ile slesi chini ya mto, na umri ule, nilicheka mpaka nikakaa kwenye kiti. Na yeye akacheka. Sikujua kwamba mzee huyu anacheka.

31 Desemba

Choo: siku ya tano. Alienda saa nane mchana. Damu ipo. Nilimshika mikono, yeye akilia sikioni mwangu. Sitaki kuandika zaidi.

4 Januari

Karibu na stendi yuko kijana anaitwa Ipyana, anaoka mikate kwenye tanuri la matofali. Ujuzi ameupata Nakonde, na Kiswahili chake nacho kimevuka mpaka huko na kurudi. Nimempelekea slesi ya mkate wa brauni, ule wa mzee, nimwulize kama anaweza kuoka kama huo ila mtamu zaidi.

Akaivunja, akaifikicha, akaitia kwenye kikombe cha maji ya moto. Maji yakawa rangi ya chai.

"Awe, mama!" akasema, yaani hapana, ndivyo wanavyosema wa ng'ambo. "Huu si wa ngano nzima. Hii ni rangi tu, sukari ya kuunguza. Tafuta pumba humu. Umeiona?"

Nikatafuta. Hakuna hata chembe. Ulikuwa ule ule mkate mweupe, umevaa koti.

Nilirudi mbio na mvua. Nikamweleza mzee. Akavuta sanduku, akatoa mkate, akaugeuza geuza. Mwaka mzima sukari yake haikushuka, na kila kliniki wamemgombeza kwamba anakula ovyo. Akautupia kuku. Ile kufuli akanikabidhi mimi.

"Kafungie cherehani yako," akasema.

6 Januari

Mzee ameshika simu tangu asubuhi. Anaye rafiki yake kijijini Mbebe, mzee Osea, waliimba naye kwaya moja Mbozi Mission wakiwa vijana. Osea analima ngano kidogo kwa ajili ya nyumba yake. Wamezungumza nusu saa kuhusu watu waliokwisha kufa, na dakika moja kuhusu ngano. Atatuma debe moja kwa basi.

Brayan: mkate mweupe, chai. Choo: hakuna.

10 Januari

Ngano imefika. Tumepepeta wote, hata Angel. Mashineni nikamsimamia msagaji: usikoboe, usichekeche, saga kama ilivyo. Akasema, "Mama, unga huu utakuwa wa kuku." Nikamwambia saga.

11 Januari

Nimeoka mkate wa kwanza kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Haukuumuka. Mzee ameugonga kwenye ukingo wa meza, akasema kule Ihanda tungeujengea nyumba.

14 Januari

Wa pili. Juu umeungua, ndani mbichi.

17 Januari

Nimekwenda kwa Ipyana na unga wangu. Amenifundisha: maji zaidi kuliko nilivyozoea, na usiwe na haraka, pumba inakunywa taratibu. Nikande jioni, nioke asubuhi. Theluthi moja nichanganye unga mweupe mpaka watoto wazoee.

18 Januari

Umeumuka! Mzee amekula vipande vitatu, Angel akimtazama. Mimi nimekula viwili. Brayan amekula mkate mweupe.

20 Januari

Choo: siku ya nne. Tumbo limekuwa gumu.

21 Januari

Naandika yote, maana nikiyabakiza yatanikaba.

Asubuhi Brayan alianza kulia kabla hajaamka vizuri. Siku ya tano. Nilimpeleka chooni mara tatu, mara tatu akakataa kuchuchumaa, akajikaza, akawa mwekundu wa macho. Mara ya nne ikatoka, na damu ikatoka, nyingi kuliko ya Desemba. Nilimwosha. Kichwani nilikuwa naona Mbeya, kitanda cha hospitali, na mwanangu anachunguliwa ndani.

Nikamkalisha mezani. Nikaweka mkate wangu mbele yake. Nikasema, kula. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Akaficha mikono. Hapo hasira ikanipanda, na si hasira ya mkate, ilikuwa hofu ya miezi yote ile. Nikamshika shavu, nikamsukumia kipande mdomoni, nikapiga kelele, "Kula! Unataka kufa?"

Akakitema. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alisimama juu ya kiti, akapandisha fulana yake kwa mikono miwili mpaka kifuani, akafumba macho kwa nguvu, akatoa tumbo mbele.

"Basi nichome haraka," akasema.

Sikuelewa. "Nikuchome nini, baba?"

"Sindano. Nichome ndiyo nile."

Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake, amesikia. Na wote wawili tukaelewa kwa pamoja. Kila asubuhi ya mwaka mzima, mzee amekuwa akikaa kwenye kiti chake sebuleni, anapandisha shati, anajichoma insulini tumboni, halafu anakula mkate wa brauni. Brayan huwa amekaa chini kwenye mkeka, anatazama. Sindano, kisha mkate. Mimi nimekuwa nikihangaika na siagi na glasi, nikidhani mtoto anaogopa ugonjwa au anachagua ladha. Mtoto alikuwa anaogopa kuchomwa tumboni. Na leo, kwa kuwa mama yake amepiga kelele, aliamua bora achomwe yaishe.

Nilimkumbatia akiwa bado amefumba macho. Nililia mbele ya baba mkwe wangu bila kujifuta.

Kisha nikamwita Angel pia, nikakaa chini sakafuni mbele yao. Sijawahi kumwona mama yangu akimwomba mtoto msamaha, na mwanzoni maneno yalikataa kutoka. Nikasema: "Mama aliwadanganya. Mkate wa babu haukuwa dawa. Ulikuwa mkate tu. Nilisema vile ili msimsumbue. Nimekosa, mnisamehe."

Angel akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba jua huchomoza magharibi. "Mama, na wewe unadanganyaga?"

"Siku ile nilidanganya."

Mzee akaja, akavuta kiti chake karibu. Akamwambia Brayan: "Mjukuu wangu, sindano ni ya babu peke yake, kwa sababu ya sukari. Mkate ni wa watu wote. Kuanzia kesho sindano yangu nachomea chumbani. Hapa tunakuja kula tu."

Brayan akafikiri. Akamwuliza, "Na mama hajachomwa?"

Nikapandisha blauzi kidogo, nikamwonyesha tumbo. Halina alama ila za kuzaa. Nikachukua kipande cha mkate, nikala mbele yake. Akanitazama mpaka nikameza.

Hakula leo. Lakini hakuficha mikono.

22 Januari

Kagusa mkate kwa ulimi. Choo: hakuna.

23 Januari

Kabla ya chai amezunguka meza akikagua. "Angel, umechomwa?" "Sijachomwa." "Mama?" "Sijachomwa." Kila mmoja anaonyesha tumbo. Babu naye akaulizwa, akasema amechomwa chumbani lakini mkate anakula kama watu. Jibu limekubaliwa. Brayan amekula ganda la pembeni, ukubwa wa kidole.

26 Januari

Baada ya ibada akaja mama mchungaji kutusalimia. Kabla hajagusa mkate, Brayan akasimama mbele yake: "Umechomwa?" Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akamweleza kwa ufupi. Mama mchungaji akafikiri, akapandisha mkono wa gauni lake mpaka kwenye bega. "Mkono unatosha?" Brayan akasema unatosha, kwa leo.

Brayan amekula nusu kipande. Maji vikombe viwili.

29 Januari

Kipande kizima. KIPANDE KIZIMA. Na siagi ya karanga juu.

1 Februari

Eliudi amerudi. Safari hii nilimpigia simu akiwa bado njiani, nikamwambia kila kitu, kuanzia sindano mpaka msamaha. Ameingia bila mkate wa Nakonde. Ameleta karanga kilo tano.

Brayan akamzuia mlangoni. Dereva mzima, ndevu za wiki mbili, akapandisha fulana barazani mbele ya majirani. Kisha akakaa, akala mkate wangu, akatafuna muda mrefu.

"Mgumu kidogo," akasema.

"Una pumba," Brayan akamjibu. "Tafuna."

5 Februari

Vipande viwili, maji, machungwa. Choo: ndiyo, siku ya tatu. Amelia kidogo. Damu: hakuna.

8 Februari

Choo: ndiyo. Damu: hakuna.

10 Februari

Nilikuwa barazani nashona sketi, mvua nyembamba inanyesha. Nikasikia sauti kutoka chooni uani: "Mamaaa! Njoo uone!" Nilitupa sketi, sindano ya cherehani ikakatika, nikakimbia nikijua ni damu.

Alikuwa amesimama, kaptura iko magotini, anaonyesha kwa kidole. Alienda peke yake. Hakulia. Hata hakuniita nimshike mikono.

Nilipiga vigelegele. Angel akaja, mzee akaja na mwavuli, jirani akachungulia juu ya uzio akauliza kuna mgeni gani. Nikamwambia hakuna mgeni, mtoto ameenda choo. Akapiga vigelegele na yeye.

14 Februari

Maboga yameanza sokoni. Nimeponda moja lililochemshwa ndani ya donge la unga, mkate umetoka laini, rangi ya dhahabu. Unga mweupe nimeuacha kabisa. Vipande vitatu.

19 Februari

Choo: ndiyo.

20 Februari

Choo: ndiyo.

24 Februari

Mzee ametoka kliniki yake akitembea kwa miguu kutoka stendi, ameshika kadi mkononi kama mtoto mwenye ripoti ya shule. Sukari imeshuka. Nesi amemwuliza siri ni nini, akasema, "Mkwe wangu." Amenirudia maneno hayo mara mbili, labda akidhani sikusikia. Nilisikia mara ya kwanza.

7 Machi

Amekula maharage. Sikumwambia. Aliyatia mwenyewe juu ya mkate, akayaponda kwa kijiko. Nilijifanya natafuta uzi.

15 Machi

Wazazi wawili wa chekechea anayosoma Brayan wamekuja kuniuliza mkate wake unanunuliwa wapi. Nikawaonyesha sufuria. Nikawaambia pia wasiwatishe watoto kwa chakula hata kwa sekunde moja, na wakaona nimebadilika sauti.

27 Machi

Kliniki. Nimevaa gauni la kanisani, na Brayan nimemvalisha shati nililomshonea. Tulipofika pale kwenye mizani nilimvua viatu mwenyewe.

Kilo kumi na nne na pointi sita.

Daktari akachukua daftari hili, akalisoma. Nilisahau kwamba nimeandika mengine yasiyo ya choo. Akafika tarehe ishirini na moja Januari, akavua miwani, akaifuta. Kisha akamwita Brayan, akamlaza, akambonyeza tumbo. Laini.

"Mama Angel," akasema, "rufaa haipo. Mbeya utakwenda siku ukitaka kutembea."

Kutoka pale mpaka nyumbani nimetembea kwa miguu, sikutaka bodaboda. Nilitaka barabara nzima ituone. Malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji na madereva wamelala chini ya matela, mimi nikipita katikati yao na mwanangu mwenye kilo kumi na nne na pointi sita.

30 Machi

Mvua inaelekea kukatika. Leo nimeoka mkate mkubwa kuliko yote, maana Eliudi yupo, na mzee Osea ametoka Mbebe kuja kumwona mwenzake. Wazee wameimba nyimbo zao za kwaya mpaka Angel akaziba masikio. Kila mtu amekula.

Saa kumi jioni Brayan akanifuata jikoni ameshika sahani. Alikuwa amekwisha kula vipande vitatu.

"Mama, kingine."

Nikafunua kitambaa. Kulikuwa na makombo tu.

"Umeisha, baba."

Hakuamini. Akachungulia ndani ya sufuria, akachungulia chini ya meza, kisha akajitupa sakafuni akaangua kilio kikubwa, miguu ikipiga hewani, anataka mkate wa brauni na anautaka sasa hivi. Majirani bila shaka waliuliza tena nani anachapwa. Mzee akaja mbio, Eliudi akaja mbio, wakanikuta nimesimama pale na kitambaa mkononi, nacheka na machozi yananitoka, sifanyi haraka yoyote ya kumnyamazisha.

Nikapima unga, nikakanda mwingine.